Dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni: chupa ya kwanza niliitupa, sasa niko ya tano

Wenzangu watatu pale soko la Memorial, hapa Moshi, wameinunua dawa hii ya aleji ya pua, wakaitumia siku tatu au nne, wakasema haina kitu, wakaiacha. Mmoja alitaka kunipa chupa yake ikiwa karibu imejaa. Nilikataa, maana chupa iliyoingia puani kwa mtu haiingii kwa mwingine, lakini niliumia kuona pesa yake imelala kabatini. Mimi mwenyewe mwaka jana mwezi wa saba niliitupa ya kwangu. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu dawa ni ile ile na pua ni ile ile, ila sasa nalala usiku kucha.

Nauza mitumba, hasa mashuka, mapazia na mablanketi. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Anayeijua kazi hii anajua kinachotoka ukikata kamba za belo: kwanza harufu, halafu vumbi jepesi ambalo hulioni mpaka jua lipite katikati ya maturubai. Zamani halikunisumbua. Tangu miaka minne iliyopita likawa halinipi nafasi. Nilikuwa napiga chafya kumi na tano, ishirini mfululizo huku mteja anasubiri chenji. Makamasi maji matupu, macho yanawasha, kaakaa linawasha mpaka unatamani kulikuna kwa ulimi. Jioni pua inaziba kabisa, na usiku nalala mdomo wazi, asubuhi koo limekauka. Watu walikuwa wananiuliza kama nimelia.

Nilichofanya miaka hiyo minne ni kile wengi wetu tunachofanya. Nilimeza antibayotiki kila nilipoambiwa ni mafua sugu. Nilimeza vile vidonge vidogo vya aleji vinavyolaza, nikawa nasinzia juu ya meza ya biashara saa saba mchana. Kwenye zahanati moja nilichomwa sindano ya aleji mara mbili kwa mwaka. Ilinipa nafuu ya wiki kadhaa, kisha hali ikarudi. Halafu nikakutana na matone ya puani ya zailometazolini. Hayo nitayarudia, kwa sababu ndiyo yaliyokaribia kuniharibu.

Flutikasoni niliuziwa kwenye duka la dawa kwa shilingi 22,000. Muuzaji akasema, "Hii ni kiboko, mama, unapuliza tu puani." Maelezo yalikuwa hayo. Karatasi iliyo ndani ya boksi ilikuwa na Kiingereza na lugha nyingine mbili, Kiswahili hakuna. Nikapuliza siku ya kwanza, sikuona kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Siku ya nne nikaacha kuipuliza kila siku. Nikiamka pua imeziba napuliza, nikiona nafuu siipulizi. Baada ya kama wiki tatu za kudokoadokoa nikaitupa.

Mwezi wa tisa mume wangu akanichukua kwa nguvu kidogo, tukaenda kliniki ya masikio, pua na koo hapa mjini. Daktari, mzee mpole, hakuanza na dawa. Alianza na maswali, na maswali yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. "Kwa wiki moja, siku ngapi unakuwa hivi?" Zote saba. "Imeendelea wiki ngapi bila kukoma?" Sikumbuki ilipoanza. "Unalala? Kazi unaifanya kama kawaida?" Silali, na kazi naifanya nusu. Akasema upo mwongozo wa kimataifa unaoitwa ARIA, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2001, na madaktari wengi wanaufuata kupanga ugonjwa huu. Anayesumbuliwa zaidi ya siku nne kwa wiki na zaidi ya wiki nne mfululizo, mzio wake, yaani aleji, unahesabiwa kuwa wa kudumu. Ukikunyima usingizi au kukuvurugia kazi, umevuka kiwango cha wepesi. Mimi nilikuwa nimevuka mistari yote miwili, na kwa mtu wa namna hiyo dawa ya kwanza ni steroidi ya kupuliza puani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe kama hiyo flutikasoni. Nikamwambia hiyo nimeshaitumia, haikufanya kazi. Hakubishana nami. Akaniambia nipite chumba cha pili kwa muuguzi.

Huyo muuguzi, binti mdogo wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, ndiye aliyenitibu. Nasema hivyo bila kumvunjia daktari heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua droo, akatoa chupa ya mazoezi iliyowekwa maji. "Hebu nionyeshe ulivyokuwa unapuliza."

Nikainua uso juu kama mtu anayetia dawa ya macho, nikaingiza ncha, nikabonyeza, nikavuta kwa nguvu kama mzee anayevuta ugoro. Maji yakashuka kooni palepale, nikameza.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Basi hapo mama, dawa yote imekwenda tumboni. Puani haikubaki kitu."

Akanifundisha upya, polepole, na akanifanya nirudie mara nne mbele yake. Naandika alivyonionyesha, kwa sababu hapa ndipo chupa nyingi zinapotea bure.

Chupa mpya hutikiswa kwanza, halafu unabonyeza hewani mara kadhaa, ile yangu mara sita, mpaka utoke ukungu mwembamba ulio sawa. Ukiiacha siku nyingi bila kuitumia, unafanya hivyo tena. Penga makamasi taratibu kabla ya kupuliza, maana dawa ikiangukia juu ya makamasi itatoka nayo. Kichwa kiiname mbele kidogo, unatazama vidole vya miguu yako. Kisha linakuja jambo ambalo sijawahi kumsikia muuza dawa yeyote akilisema: tundu la kushoto unapuliza kwa mkono wa kulia, na tundu la kulia kwa mkono wa kushoto. Ukibadilisha mikono hivyo, ncha inajielekeza yenyewe nje, upande wa sikio, na kuukwepa ule ukuta wa katikati ya pua. Ukuta huo ni mwembamba na mishipa yake midogo iko juujuu. Ukiupiga kila siku unakauka na kutoa damu. Wakati unabonyeza, vuta pumzi kidogo tu, kama unanusa ua. Toa pumzi kwa mdomo. Usipenge palepale. Ukiionja dawa kooni, ujue umevuta sana.

Kipimo changu kilikuwa mipulizo miwili kila tundu, mara moja kwa siku, asubuhi. Kila mpulizo una mikrogramu 50, kwa hiyo 200 kwa siku. Chupa ina mipulizo 120. Ukigawanya kwa minne unapata siku 30 kamili, na muuguzi akasema ikibaki dawa baada ya mwezi ujue kuna siku umeruka.

Swali langu lilikuwa moja: mbona vidonge vinafanya kazi ndani ya saa moja na hii haifanyi? Akanijibu kwa mfano wa nyumba inayovuja. Mtu mwenye mzio akivuta vumbi, chembe fulani zilizo ndani ya pua humwaga kemikali inayoitwa histamini, na histamini ndiyo inayoleta chafya, muwasho na maji. Kidonge kinaizuia histamini isifanye kazi yake. Ndiyo ndoo ya kukinga matone. Lakini nyama za ndani ya pua zimeshavimba kwa sababu ya mambo mengine mengi zaidi ya histamini, na huo uvimbe ndio unaoziba. Steroidi inakwenda kutuliza uvimbe wenyewe, ndiyo fundi wa paa, na fundi anahitaji muda. Wengine huanza kuona nafuu ndani ya siku moja au mbili, lakini nguvu yake kamili huja baada ya wiki moja mpaka mbili za kupuliza kila siku, uwe na dalili au usiwe nazo. Mimi nilikuwa nampa fundi siku tatu, namfukuza, halafu namwita tena wiki inayofuata.

Kabla sijatoka alifunga mlango, akaniuliza kama kuna dawa nyingine yoyote natumia kila siku, zikiwemo ARV. Alieleza kwamba baadhi ya ARV, zile zenye ritonaviri ndani yake, zinazuia mwili kuivunja flutikasoni, hivyo inajikusanya kwenye damu na kuleta madhara makubwa. Mtu wa namna hiyo huchaguliwa steroidi nyingine. Akauliza pia kuhusu presha ya macho na mtoto wa jicho. Nilipenda alivyouliza, bila haraka na bila kunitazama vibaya. Ningeomba kila duka la dawa liulize swali hilo kabla ya kupokea pesa.

Sasa yale matone. Zailometazolini inafungua pua ndani ya dakika chache, na usiku ukiwa umeziba unaiona kama mkombozi. Inabana mishipa ya damu ya ndani ya pua, uvimbe unanywea, hewa inapita. Shida ni kwamba ukiendelea kwa siku nyingi mishipa inaizoea, na dawa ikiisha nguvu inavimba zaidi ya mwanzo, kwa hiyo unatia tena. Daktari alisema siku tatu mpaka tano, basi. Mimi nilikuwa nimeitumia miezi saba. Nilikuwa na chupa moja kwenye mkoba wa biashara, moja chini ya mto, moja jikoni. Ilifika mahali natia kila baada ya saa tatu, na bila hiyo nilihisi kama nimefungwa kitambaa usoni.

Kuachana nayo kulikuwa kugumu kuliko yote. Muuguzi alinishauri niache tundu moja kwanza: la kulia nisilitie kabisa, la kushoto niendelee nalo kwa muda, huku flutikasoni ikiingia kote kila asubuhi. Usiku tano za kwanza nililala nimeegemea mito mitatu. Upande wa kulia ulikuwa kama umepigwa lipu. Siku ya nane ukafunguka wenyewe, saa kumi alfajiri, nikaamka kwa sababu nilisikia hewa. Nikamwamsha mume wangu kumwambia. Wiki iliyofuata nikaacha la kushoto. Kama na wewe uko kwenye matone hayo zaidi ya wiki, usiilaumu flutikasoni kwamba imeshindwa. Mwambie daktari ukweli wa hayo matone, maana yanaficha kila kitu.

Wiki ya tatu nilipata michirizi ya damu kwenye leso. Niliogopa. Nikampigia simu yule muuguzi, akaniuliza mkono gani natumia. Kumbe kwa uvivu wa asubuhi nilikuwa nimerudia kutumia mkono wa kulia pande zote mbili, hivyo tundu la kulia dawa ilikuwa inapiga ukuta wa kati. Nikapumzika siku mbili, nikarekebisha, haikurudi tena. Alisema damu nyingi au ya mara kwa mara nisingoje, nirudi.

Pamoja na dawa, walinipa kazi ya kuosha pua kwa maji ya chumvi jioni nikitoka sokoni. Maji robo lita, yaliyochemka dakika moja kamili yakapoa yawe vuguvugu, na chumvi karibu nusu kijiko cha chai, ile isiyo na madini joto, maana yenye madini joto inachoma. Mama mkwe wangu aliponiona nimeinamia beseni maji yanaingia tundu moja na kutokea jingine alishtuka, lakini baada ya kuona rangi ya kilichotoka siku niliyofungua belo mbili, alinyamaza. Maji ya bomba moja kwa moja hapana. Wapo wadudu wadogo wa kwenye maji ambao ukiwanywa hawakudhuru, ila wakipita puani wanaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini karibu kila anayepatwa hufa. Nachemsha yangu pamoja na maji ya chai ya asubuhi, naweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Hii ni tiba ya bei ndogo kuliko zote na naipa alama zote.

Kuhusu vumbi lenyewe, daktari alinieleza kwamba kwenye nguo zilizokaa zimebanwa miezi kuna mabaki ya utitiri wa vumbi na ukungu, na pia nyuzi ambazo hata asiye na mzio zinamkera. Kuacha kazi sikuambiwa, na nilishukuru, kwa sababu hiyo ndiyo ada za watoto. Belo sasa nafungulia nje asubuhi mapema, upepo ukiwa mgongoni, nimevaa barakoa inayobana vizuri. Nikirudi nyumbani nguo za kazi zinavuliwa uani, haziingii chumbani. Mashuka na foronya tunafua kila wiki kwa maji ya moto, ya nyuzi 60, maana utitiri hauponi hapo. Chandarua cha dawa ni kinyume chake: hicho kinafuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kinaanikwa kivulini, kwa sababu jua linaua dawa ya mbu. Nilikuwa nakianika juani miaka yote.

Mijakaranda pia naomba niitetee. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja inapotoa maua ya zambarau barabarani kila mtu hapa mjini, na ndugu zetu wa Arusha ndio zaidi, huitupia lawama kwa mafua. Daktari alisema chavua ya mjakaranda ni nzito, nyuki ndio wanaoibeba, hairuki sana hewani. Inayoruka ni ya nyasi, na nyasi huchanua baada ya mvua. Tunalitazama ua tunaloliona, wakati kinachotuumiza kiko chini ya miguu.

Binti yangu wa miaka tisa nilimpeleka mwezi wa kumi, baada ya kusikia kwamba pua na mapafu ni njia moja. Alikuwa anakohoa usiku nami nasema ni baridi ya mlimani. Ana kimstari juu ya pua kwa kuisugua na kiganja kwenda juu, tulidhani ni alama ya kuzaliwa. Kumbe ana mzio kama wangu na pumu imeanza. Yeye anapuliza mara moja tu kila tundu, ana pia dawa yake ya kuvuta ya kifua, na wanampima urefu kila tukienda kwa sababu steroidi kwa mtoto inahitaji kuangaliwa. Kikohozi cha usiku kimekwisha. Niliumia kwamba nilichelewa.

Na zile sindano? Daktari alisema steroidi ya sindano inazunguka mwili mzima: sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika ukirudia, wakati ya kupuliza inafanya kazi palepale puani na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Mwenye kisukari ambaye anachomwa sindano za aleji kila kiangazi na asome sentensi hiyo mara mbili. Akanipa na dalili za kutovumilia nyumbani: pua kuziba upande mmoja tu, damu upande mmoja, maumivu makali ya uso na homa, kukosa harufu kabisa kwa muda mrefu. Hizo si za kupulizia dawa na kusubiri.

Kwa macho, dawa hii imenisaidia nusu. Siku za belo nyingi bado yanawasha, na nameza setirizini kidonge kimoja usiku; hainilazi kama vile vya zamani, ingawa kwa wengine huleta usingizi kidogo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu mbili. Ya kwanza ni karatasi isiyo na Kiswahili, kwa dawa ambayo ukikosea namna ya kuishika umetupa pesa. Ya pili, chupa haina kihesabio. Inaendelea kutoa ukungu hata mipulizo 120 ikishapita, lakini kipimo hakiaminiki tena, na wewe unadhani dawa imekuzoea. Bei si ndogo kwa mtu wa sokoni, ila nilipojumlisha matone, antibiotiki na sindano za mwaka mmoja, nilikuwa natumia zaidi ya hapo.

Mwezi wa kumi na moja nilirudi kliniki, daktari akaangalia ndani ya pua kwa taa, akapunguza kipimo kuwa mpulizo mmoja kila tundu. Kwa hiyo chupa ya nne ilikwenda miezi miwili. Ya tano nimeifungua katikati ya mwezi wa kwanza. Tarehe nimeiandika kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia bei, na nyuma ya mlango nimebandika kalenda ya duka ambayo binti yangu anaweka alama mbili kila asubuhi, yangu na yake, kabla hajaenda shule.